Reli Iko Kaskazini

Cheyo, Tabora
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Seche,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha naomba unisalimie Seche kabla hujaendelea, maana najua ukishaanza kusoma humsikii mtu. Kikohozi chake kimekwisha? Na mgongo wako unaendeleaje na ile kazi ya kuinama kwenye cherehani tangu asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Miguu ina malengelenge, na yalikotoka nitakueleza.

Najua umeshangaa kuandikiwa barua ya karatasi na mtu mwenye simu. Lakini ni wewe uliyetaka. Ulisema, "Usinijibu kwa simu, Baba Seche. Kwenye simu unanichekesha, tunacheka mpaka salio linakwisha, halafu nabaki sina jibu." Ni kweli, ndivyo ninavyofanya. Uliniuliza jambo moja tu: ile fremu ya duka pale sokoni uichukue, nami nirudi Mpwapwa tuanze upya, au uiache, ufunge cherehani, uje huku na mtoto. Mwenye fremu anataka kujua kabla mwezi haujaisha. Nilikuahidi jibu, nikanyamaza. Sikukuambia kwamba jibu lenyewe nilikuwa nalingoja kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Sasa kaa, nikueleze kwa mpangilio, na usiruke kwenda mwisho.

Chumba changu unakijua kwa picha, zile nilizopiga kutoka kona moja tu ili usione dari. Majirani ni watu wema. Wananisalimia asubuhi, wananisalimia jioni. Ila hakuna anayeniita Baba Seche. Hapa mimi ni Mgogo. "Mgogo, umeamkaje." "Mgogo, maji yametoka." Sina neno baya nao, lakini mwaka mzima wa hivyo unachosha. Naona kama Baba Seche nilimwacha huko kwenu, na huku amekuja mtu mwingine amevaa viatu vyake. Nimeanza hata kuongea peke yangu, kwa Kigogo. Nikisonga ugali naueleza mwiko habari za siku nzima.

Kuna jingine ambalo nilikuficha kwa aibu. Siku za treni huwa nakwenda stesheni. Simngoji mtu. Nakaa kwenye benchi la pembeni, treni ya kutoka kwenu inaingia, watu wanateremka na magunia na watoto waliosinzia, wanapokewa, wanataniana, wanagombania mizigo. Jukwaa likibaki tupu nami nainuka. Siku moja mlinzi aliniuliza nimekuja kumpokea nani. Nikamwambia hajaja. Akasema, "Pole, labda treni ijayo." Nikamshukuru, nikaenda zangu nyumbani.

Kazi yenyewe nilikudokeza. Kampuni hii ndogo inatafuta watu wa kuwaongoza wageni wanaopenda kutembea kwa miguu kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi walipita na meno ya tembo kutoka huku kwenda pwani, wakipumzika huko kwetu Mpwapwa. Usidhani njia ipo. Ni pori. Ipo kwenye ramani na kwenye midomo ya watu, na porini mtandao hakuna, kwa hiyo anayeongoza lazima ajue kutembea kwa ramani na dira. Tunaofundishwa ni wawili, mimi na Maganga wa Ntalikwa. Mwalimu wetu ni mama mstaafu wa jeshi, tunamwita Afande Mwanaidi. Ni mfupi, ana sauti ya chini, na sijawahi kumwona akifanya haraka.

Maganga ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina, alininyooshea kiganja. "Babu zenu waliwatoza babu zetu hongo kila walipotaka kunywa maji Ugogo. Leo uko kwetu. Toa hongo." Nikampa karanga. Tangu siku hiyo nikinywa maji ya dumu lake lazima nilipe kitu, japo njiti ya kiberiti. Ndiye anayenichekesha huku, Mungu ambariki. Lakini jioni yeye ana kwake, ana mke aliyekwisha kuweka sufuria mekoni. Akipanda baiskeli yake kwenda Ntalikwa, mimi narudi kwa mwiko wangu.

Sasa nikueleze ugomvi wangu na nchi hii. Afande alituonyesha ramani ya kwetu. Mistari ya mwinuko imebanana mpaka karatasi inaonekana chafu. Hiyo ndiyo milima yetu ya Kiboriani. Ramani ya huku ni karatasi ya kijani tu, mstari mmoja hapa, mwingine mbali kule kama umesahauliwa. Na wewe unatujua watu wa kwetu. Hatusemi kaskazini wala kusini. Tunasema duka liko upande wa mlimani, ukilikosa teremka bondeni uulize. Hata gizani unajua mlima uko wapi, unausikia mgongoni. Huku hakuna cha kusikia mgongoni. Ni miti ya miyombo, kichuguu, miyombo, mzinga wa nyuki juu ya mti, miyombo tena. Ukijizungusha mara moja kumfukuza mbung'o, basi umepotea.

Afande anasema dira haijali unavyojisikia. Unashika mwelekeo, unachagua mti ulio mbele yako sawasawa, unauendea, ukifika unachagua mwingine. Hatua unazihesabu kwa kokoto, unazihamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Na ukipotea? Tulimuuliza siku ile ile ya kwanza. "Ukipotea usihangaike kujua ulipo," alisema. "Tafuta kitu kirefu ambacho huwezi kukivuka bila kukiona. Huku kipo kimoja. Reli iko kaskazini. Weka sindano kaskazini, nenda." Alitufanya tukariri kama watoto wa chekechea. Reli iko kaskazini. Maganga aliuliza kama na makofi tupige.

Mtihani ulikuwa Alhamisi iliyopita. Anayefaulu anapewa mkataba, anayefeli anaendelea na vibarua. Nami nilikuwa nimekwisha kupanga moyoni: nikifaulu, nakuandikia njoo. Nikifeli, nafunga begi narudi, na wewe uchukue fremu yako. Ndiyo sababu ya ule ukimya. Swali lako nilimwachia Afande Mwanaidi ajibu, na mwenyewe hana habari.

Asubuhi na mapema gari lilituacha kusini ya Goweko, Maganga kwake na mimi kwangu, hatuonani wala hatusikiani. Simu zetu alizichukua Afande. Nilikuwa na ramani, dira, maji na filimbi. Yeye alikwenda kutungoja kwenye stesheni ya Goweko. Kazi ilikuwa kupita mahali patatu palipotiwa alama kwenye ramani: korongo kavu, kisima cha zamani cha misafara, na ukingo wa mbuga. Kisha ufike stesheni jua likiwa bado juu ya miti.

Mwanzo nilikwenda vizuri, na nilijisifu kwa sauti. Korongo nililipata. Kisima nacho nilikipata, ni shimo lililojaa majani, huwezi kujua ni kisima usipoambiwa. Nikakaa ukingoni kula kiporo changu. Niliwafikiria wale wapagazi, mtu amechuchumaa hapo anakunywa maji, mzigo uko kando, na mkewe hajui kama yuko hai. Niliwahurumia. Kisha nikajihurumia mwenyewe, nikaona huo ni upuuzi, nikainuka. Miyombo imetoa majani mapya kabla ya mvua, mekundu kabisa. Seche angeyachuma akajaza gauni.

Baada ya kisima, kwenye mwanya wa miti, nikaona mlima.

Haukuwa mlima. Kilikuwa kilima cha mawe, huko kwetu hata jina kisingepewa. Lakini hujui nilivyoshtuka. Mwaka mzima sijaona kitu kilichosimama juu ya kichwa changu zaidi ya mti. Kwenye ramani kulikuwa na alama ya kilima, ubavuni mwake ndipo ilipo mbuga niliyokuwa naitafuta. Nikasema ndicho hiki. Sikupima mwelekeo. Maganga angepima, maana kwake kilima ni mawe tu. Mimi nilitia dira mfukoni, Mama Seche, kama mtu aliyeona paa la nyumba yake. Kokoto sikuhamisha tena. Nilikifuata kile kilima kwa macho, kinapotea nyuma ya miti, kinatokea upande mwingine, nami nageuka nacho, nafurahi.

Nilikipanda kwa mikono na miguu. Kwetu ukipanda unaona: mji, barabara, bati la kanisa, moshi wa jikoni kwa mama. Nilifika juu nikanyanyuka, nikaona miti. Pande zote ni miti, rangi moja, mpaka mbingu inapoanzia. Hakuna moshi, hakuna bati, hakuna mbuga. Nikakunjua ramani na nikajua hapo hapo kwamba kilima cha kwenye ramani ni kingine na hiki sijui ni kipi. Nikapiga filimbi. Ndege wakaruka, wakatua. Nikaita jina lako, lile la usichana, sijui kwa nini lile. Halafu nikakaa juu ya jiwe nikalia na ndevu zangu hizi.

Woga haukuwa mkubwa, njia ya kutokea nilikuwa nayo kichwani. Kilichoniliza ni kwamba nilijitahidi mno kufika mahali pa kuona mbali, na nilipofika sikuona mtu wangu hata mmoja. Nimekaa huku mwaka mzima nikikuchekesha kwenye simu ili usijue jambo hilo. Sasa unalijua.

Jua lilipoanza kuinama nikakumbuka wimbo wetu wa chekechea. Nilielewa kwamba nikienda moja kwa moja relini, ile alama ya tatu nimeikosa, na nikiikosa nimefeli. Kisha nikaweka sindano kaskazini, nikachagua mti.

Nilitembea sana. Mbung'o walinila shingo. Dira haikuingia mfukoni tena. Mwishowe miti ikaachana, nikaona tuta la kokoto, na juu yake vyuma viwili vinang'aa. Nikapiga magoti nikagusa chuma, kilikuwa cha moto. Ni chuma hicho hicho kinachopita Gulwe uliponisindikiza. Kulia kwangu ni Itigi, Manyoni, Dodoma, Gulwe, na wewe. Kushoto ni Goweko na Afande. Nikageuka kulia. Nakuambia ukweli, nilianza kutembea juu ya mataruma kurudi kwenu, huku naongea Kigogo, namwambia Seche nakuja.

Sikufika mbali, nikaona nyumba. Ni zile za mafundi wa njia, vijumba vichache vimejipanga kando ya reli katikati ya pori, watu wanaziita gengi. Nilikaa kwenye jiwe nje ya cha kwanza, bado naongea peke yangu. Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa mama wa makamo, ana ungo mkononi. Akanisalimu, "Mbukwenyi."

Mama Seche, nilishindwa kuitikia salamu ya kwetu. Nikamwamkia kwa Kiswahili, "Shikamoo mama," kama mtoto wa shule.

"Marahaba. Wa wapi wewe unayegombana na Seche porini?"

"Mpwapwa."

"Mimi wa Bahi. Mume wangu anatengeneza njia, leo wako mbali huko. Umepotea?"

"Nimepotea kidogo."

"Aliyepotea kidogo hana macho hayo. Nawa mikono."

Akaniletea maji, kisha ugali na mlenda. Mlenda mkavu wa kwetu, umepikwa kwa karanga. Tonge la kwanza lilinishinda kumeza. "Kula," akasema. "Utalia ukimaliza." Nikala, akaniongeza, nikala. Aliuliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani, nimemwambia angoje mambo yakae sawa.

Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Na wangu aliniambia hivyo hivyo. Ngoja yakae sawa, ngoja yakae sawa. Nikaona nitazeekea Bahi nangoja. Nikafunga mlenda kwenye kanga, nikapanda treni. Nafika hapa, nyumba haina hata mlango."

"Ukafanyaje?"

"Kanga si ninayo? Nikautoa mlenda, kanga nikaitundika mlangoni. Tukalala."

Niligeuka kutazama. Mlango wa mbao sasa upo, lakini kanga bado inaning'inia mbele yake, imepauka hata maandishi hayasomeki. Nilimuuliza mbona hajaitoa. Alisema amekwisha kuizoea. Nikamshukuru, nikafuata reli kwenda kushoto, Goweko.

Nilifika jua limekwisha kuzama. Maganga alikuwa kwenye benchi la stesheni anamenya muwa, yeye alifika mapema na alama zake zote tatu. Afande Mwanaidi alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa na tochi. Akaniuliza, "Mbugani ulifika?"

"Sikufika, Afande."

"Kilitokea nini?"

"Nilifuata mlima."

"Mlima gani?"

Hapo Maganga alianguka kwa kicheko. "Afande, Mgogo ameona kichuguu akadhani amefika kwao." Nami nikacheka, sikuwa na la kufanya. Afande hakucheka. Alisema, "Umefeli. Utarudia baada ya mvua. Lakini relini umekuja mwenyewe. Wengine wanaona aibu, wanazunguka mpaka giza linawakuta." Akanirudishia simu yangu. Maganga akakata muwa wake katikati akanipa nusu, akasema hiyo ni hongo ya kupita kwenye mlima wangu.

Basi, hilo ndilo jibu nililokuwa nalingoja, na limekuja hapana. Kwa mpango wangu wa mwanzo leo ningekuwa nafunga begi. Sifungi. Nimekaa siku mbili nafikiri, na nimeona swali lako nilimwachia mtu asiyehusika. Hukuniuliza kama nina mkataba. Uliniuliza ninachotaka.

Nataka uje. Mambo hayajakaa sawa. Mkataba sina, na huenda baada ya mvua nikafeli tena. Dari inavuja kwenye kona ile ambayo sikuipiga picha. Jikoni ni uani pamoja na wenzetu. Sitakuambia ungoje. Ila kama fremu ile unaitaka kwa moyo wako wote, niambie hivyo, nami nitarudi na sitakununia. Lakini kama ulikuwa unangoja tu mimi niseme, nimesema.

Mkija, njia ni hii. Pandeni Gulwe, Seche mpe dirisha. Mpaka Dodoma mtaona vilima vya kwetu. Mkifika Saranda treni itaanza kupanda polepole. Hapo mwambie atazame nyuma vizuri, kwa sababu mkishafika Manyoni milima imekwisha. Mwandae mapema asiogope. Baada ya Itigi ni vichaka, halafu miti, halafu miti. Mtadhani treni haiendi. Inakwenda. Mkishapita Tura tazameni upande wa kushoto, kuna vijumba vya gengi, kimoja kina kanga mlangoni, mpungieni mkono mama wa Bahi. Goweko msiteremke. Mkisikia Igalula, fungeni mizigo. Cherehani usiiache, na mlenda uwe mwingi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie sijamwiba binti yake, namwazima tu. Mwamkie baba yangu, na usimwambie habari ya kilima, mwachie acheke nikija. Shemeji yako mwambie mbuzi wangu aendelee kumchunga kama wake ila asimle. Yule mama jirani anayekulelea Seche ukienda sokoni, mpe mkono wangu. Barua hii nampa dereva wa basi la Dodoma, ananijua.

Ukishakata tiketi niambie siku, kwa simu, na safari hii sitakuchekesha. Nitakuwa kwenye benchi langu la pembeni mapema kabla ya treni. Yule mlinzi akija kuniuliza nampokea nani, sitamjibu neno, nitangoja mteremke, nimwonyeshe kwa kidole.

Ni mimi mumeo,
Baba Seche